Jibu la Watu Wawili

Ifahamike tangu mwanzo kwamba siku Baba Askofu alipokuja shuleni kutoa sakramenti ya kipaimara, Kiberiti hakuwa na utani hata chembe. Jambo hilo lilikuwa geni kiasi cha kumtisha yeye mwenyewe. Aliamka kwa adabu, akatandika kitanda kwa adabu, na alipofika bafuni akakuta ndoo ya mwenzake imejaa maji, haina mlinzi, mwenyewe ana sabuni machoni, akaipita kama mtawa anavyoipita baa.

Jina lile alipewa na bweni zima katika mwaka wake wa kwanza, kwa sababu alikuwa mdogo, mwembamba, na popote alipokaa, baada ya muda kidogo kitu kilianza kuungua. Shule ilikuwa ya wavulana, mali ya kanisa, yenye kuta nene na uji mwepesi. Ni yeye aliyeficha saa ya kuamshia ndani ya mimbari, ikalia Mkuu wa Shule akiwa katikati ya mahubiri juu ya subira. Ni yeye pia aliyebandika mlangoni mwa bwalo tangazo lenye mhuri uliochongwa kwenye kiazi, likiwaamuru walimu wote wapimwe urefu, na walimu wakajipanga kwa mstari, wafupi mbele. Baada ya hilo la urefu, Mkuu alimwita mama yake.

Mama alikuwa mwokaji katika kiwanda cha mikate. Alifika ofisini na unga kwenye nyusi, maana alitoka zamu moja kwa moja, akasimama mbele ya ile meza kubwa huku Mkuu akimweleza kwamba mwanawe hana dini wala haya. Kiberiti alikuwa pembeni, tayari na uso wake wa majuto (alikuwa nao wa aina kadhaa), alipoona chozi la mama linashuka na kuchora njia kwenye unga shavuni. Nyuso zake zote za majuto zikamkimbia. Akabaki na ule aliozaliwa nao.

"Hili ni onyo la mwisho," alisema Mkuu. "Baba Askofu anakuja. Kijana akipata kipaimara chake salama, yaliyopita tutayafuta. Akileta vituko kanisani mbele ya mgeni, mama, utaondoka naye siku hiyohiyo, pamoja na godoro lake."

Nje ya ofisi mama alimshika bega. "Mwanangu, sikuombi uwe malaika. Nakuomba siku moja. Nikae kwenye benchi kama wazazi wenzangu, nikuone unapakwa mafuta, nirudi kazini niwaambie kwamba nilikuona kwa macho yangu. Utaweza?"

"Nitaweza, mama."

"Usinijibu haraka hivyo, unanitia wasiwasi."

"Nitaweza," alirudia, polepole, na safari hii alimaanisha kila herufi.

Mafundisho yalikuwa mikononi mwa mwalimu wa dini, ambaye wanafunzi walimwita Kwaresima, kwa kuwa uso wake ulifunga mwaka mzima. Kwaresima alikuwa na utaratibu wake wa kazi, na huo utaratibu ndio uliozaa mambo yote. Baba Askofu alijulikana kwa kuuliza maswali katikati ya misa. Badala ya kuhubiri angeshuka ngazi za altare na fimbo yake ya kichungaji, aanze kuwauliza vijana mmoja mmoja hadi mtu ajute kuzaliwa. Hata hivyo maswali yake yalikuwa yaleyale kila aendako. Basi Kwaresima aliyagawa. Kila mvulana alipewa jibu moja la kumeza. Askofu akiuliza, wote wangeinua mikono ili kanisa lionekane linafurika elimu, ila mwenye jibu angeinua wa kulia na wengine wa kushoto. Kipaza sauti angekibeba Kwaresima mwenyewe, kwa hiyo kingefika panapostahili.

Majibu marefu yalikatwa vipande. Refu kuliko yote lilikuwa la swali, "Yesu Kristo ni nani?" Kwaresima alilipasua katikati kama kuni.

"Pasi, wewe utachukua Mungu kweli. Kiberiti, wewe mtu kweli."

"Mwalimu, mbona mimi ndiye niliyepewa mtu?"

"Kwa sababu humo ndani kuna kula, kulala na kuchoka. Nimeona itakufaa."

Darasa likacheka. Kiberiti naye akacheka, maana pigo zuri huheshimiwa hata likitoka kwa adui.

Pasi alikuwa rafiki yake. Alilala kitanda cha juu na Kiberiti cha chini, tangu walipofika wote wawili wakiwa wanalilia nyumbani. Kila usiku alilaza suruali yake chini ya godoro, na asubuhi ilitoka na mstari ambao ungekata mkate. Walimu walimpenda kwa mstari ule. Hawakujua kwamba Kiberiti alipopanda kwenye mimbari na ile saa, Pasi ndiye aliyemshikia kiti, na hawakujua kwa sababu Kiberiti alipokamatwa hakufumbua mdomo. Vifurushi vya mikate vilivyotumwa na mama, Pasi alikula nusu bila kukaribishwa, hadi akafika mahali pa kumwita mama wa Kiberiti "mama" tu, bila nyongeza.

Walifanya mazoezi nyuma ya chumba cha kufulia, ambako shuka zilizoanikwa ziliwaficha. Kwaresima alikuwa ameamua kwamba mtu ndiye aanze, ili jibu liishie kwa Pasi, likiwa safi.

"Ni mtu kweli," alianza Kiberiti. "Alizaliwa na mwanamke, akalia kama watoto wote. Alisikia njaa. Alichoka, akalala usingizi ndani ya mashua huku wenzake wakihangaika na dhoruba. Alimlilia rafiki yake aliyekufa. Alipopigwa, iliuma."

"Na ni Mungu kweli," alipokea Pasi, "aliyekuwapo kabla ya vitu vyote, ambaye kwa yeye vyote vilifanyika. Si nusu Mungu na nusu mtu, bali ni Mungu mzima na mtu mzima, mmoja asiyegawanyika."

"Yangu tamu kuliko yako," alisema Kiberiti. "Yako haina hata mtu anayelala."

"Yangu ndiyo inayofanya aabudiwe, mjinga wewe. Yako hata mimi naweza kuwa."

"Haya, kalale kwenye mashua tukuone."

Pasi alivuta shuka mbichi kutoka kwenye kamba, akajitupia mabegani, akawa askofu. "Kijana! Bila mimi wewe ni mzushi. Kwaresima kasema, nusu yoyote ikisimama peke yake ni uzushi."

"Basi usiniache peke yangu."

"Nikuache niende wapi?"

Kilichomshangaza Kiberiti ni kwamba aliipenda kweli nusu yake. Miaka yote Yesu aliyemjua alikuwa yule wa picha ya bwaloni, mwenye mashavu ya waridi, anayewatazama wakila maharage kana kwamba yeye hajawahi kujua tumbo ni nini. Huyu wa nyuma ya chumba cha kufulia alikuwa mwingine. Huyu alichoka. Huyu alilala mahali pasipostahili, kama Kiberiti mwenyewe kwenye somo la hesabu. Akaanza kumwonea huruma, na pia akamheshimu kidogo. Hata vituo vya kusema alivipanga: baada ya "alisikia njaa" unatulia, na kabla ya "iliuma" unatulia tena, ili watu wangoje. Alimfundisha Pasi vituo hivyo pia, kwa mapenzi tu ya kazi.

Siku ilipofika, walikunywa chai katika kikombe kimoja, kwa kuwa cha Pasi kilikuwa kimepasuka na hakuna aliyeona haja ya kutafuta kingine. Pasi alikigusa kwa midomo, akakirudisha.

"Una nini?" aliuliza Kiberiti.

"Tumbo."

"Kunywa bwana, utaanguka mbele ya mgeni nibaki na ubinadamu mtupu."

Pasi hakucheka. Alikwenda kukaguliwa kola.

Kanisa lilijaa. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na nguzo, na kitambaa kipya kichwani, mikono ameiweka mapajani kama mtu aliyeambiwa asiguse kitu. Unga hakuwa nao popote. Ni dhahiri alijisugua. Alipomwona mwanawe kwenye mstari alijitahidi kutotabasamu, akashindwa.

Baba Askofu alikuwa mzee mnene aliyetembea kana kwamba viatu vyake ni vya mtu mwingine. Alishuka ngazi za altare. Akauliza nani aliyeumba mbingu na nchi. Mikono ikapaa, Kwaresima akateleza na kipaza sauti chake hadi kwenye mkono wa kulia uliohusika, jibu likatoka kama maji ya bomba. Akauliza juu ya sakramenti. Akauliza juu ya Roho Mtakatifu. Kila kitu kilikwenda, na Mkuu, mstari wa mbele, alianza kukaa kama mtu mwenye mgongo mzima.

"Na Yesu Kristo," alisema Askofu, "ni nani?"

Kiberiti aliinua wa kulia. Aligeuka kidogo kumtazama Pasi pembeni yake, na akaona Pasi ameinua wa kushoto. Amechanganyikiwa, alijisemea, tumbo hilo. Hakupata nafasi ya kumkanyaga mguu, maana kipaza sauti kilikuwa kimeshafika.

Alisimama, akasema. Na haki isemwe, alisema vizuri. Alipotulia baada ya njaa, kanisa lilitulia naye. Alipofika kwenye mashua, mzee mmoja nyuma aliguna, guno la mtu anayejua kuchoka. Kwa pembe ya jicho aliona mama ameinama mbele.

"Alipopigwa," alisema Kiberiti, akatulia, "iliuma."

Akampelekea Pasi kipaza sauti.

Pasi hakukipokea. Alikuwa anatazama mbele, kidevu juu, kama askari kwenye gwaride. Kipaza sauti kikabaki hewani kati yao.

"Vizuri sana," alisema Askofu. "Mtu kweli. Ehe? Ni hivyo tu?"

Kiberiti alimgusa Pasi kiwiko. Hakuna. Ndipo akafanya kosa ambalo ni mwanafunzi wa Kwaresima tu angeweza kulifanya. Kwa muda mrefu alikuwa amefundishwa kwamba jibu la mtu haliguswi na mwingine, hata kwa dawa.

"Hapana, Baba," alisema. "Ni Mungu pia. Lakini hiyo ni ya mwenzangu."

Kisha mtu mmoja kwenye kwaya akaachia kicheko puani, na kanisa zima likafuata.

"Ya mwenzako?" aliuliza Askofu.

"Ndiyo, Baba. Uungu anao Pasi."

Hapo hata mapadre waliokaa altareni walijifunika nyuso kwa vitabu vyao. Shingo ya Mkuu ilivimba polepole juu ya kola. Kwaresima aliganda. Na Kiberiti, ambaye kwa miaka yote aliishi kwa ajili ya kicheko cha namna hii, kicheko cha ukumbi mzima, alikisikia kinamjia kama maji ya moto.

Askofu alimgeukia Pasi. Naye alikuwa anatabasamu. "Kweli, mwanangu? Unao?"

Pasi alisimama. Mstari wa suruali yake ulishuka bila kosa hadi viatuni.

"Hapana, Baba Askofu. Sijui anachosema. Huyu huwa anafanya utani."

"Lakini jibu lenyewe unalijua?"

"Ninalijua, Baba."

Kwaresima alikinyakua kipaza sauti kutoka mkononi mwa Kiberiti, akampa Pasi. Pasi alilitoa jibu lote. Alianza na Mungu aliyekuwapo kabla ya vitu vyote, kisha akashuka kwa mtu: mwanamke, kilio cha mtoto, njaa, mashua, rafiki aliyekufa. Alitulia baada ya njaa. Alitulia kabla ya "iliuma". Vituo vyote alivipiga palepale, wala hakikumponyoka hata kimoja. Akamalizia na mmoja asiyegawanyika, na watu wakapiga makofi, na Askofu akamwekea mkono kichwani.

Mkuu alimshika Kiberiti kola kwa nyuma, kistaarabu, kama mtu anayemwondolea mwenzake uzi. Walipita karibu na nguzo. Kiberiti hakumtazama mama.

Alifungiwa sakristia, chumba kidogo nyuma ya altare, chenye kabati la mavazi ya misa, sinki, kioo na harufu ya nta. Kupitia mlangoni alisikia majina yakiitwa na wenzake wakipakwa mafuta mmoja mmoja. Aliposikia la Pasi alifungua bomba ili asisikie jingine.

Kwaresima aliingia haraka kuchukua kitambaa cha kufutia mafuta. Akataka kutoka. Kiberiti alikuwa amesimama njiani.

"Mwalimu, ulimbadilishia?"

"Nipishe."

"Ulimbadilishia jibu?"

Kwaresima alitazama mlango, akashusha sauti. "Baba Askofu anachagua kijana wa kupeleka seminari. Shule yetu haijawahi kutoa hata mmoja. Je, atamchagua mtu aliyejibu nusu? Jana nilimwambia Pasi alichukue lote. Wewe ungekwama kidogo, ukae, yeye amalizie. Watu hukwama. Hakuna aliyekutuma utangaze."

"Mbona hamkuniambia?"

"Wewe? Siri?"

"Ile saa ya mimbarini, kuna mtu alinishikia kiti. Nilisema?"

Kwaresima hakujua habari za kiti. Alikunja kitambaa, akakikunjua.

"Na yeye alikubali hivihivi?" aliuliza Kiberiti.

"Aliuliza kama utaumia."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia ukweli," alisema Kwaresima, na ubaya wake ni kwamba aliamini. "Kwamba wewe huumizwi na kitu. Wewe ni mtu wa utani."

Akatoka na kitambaa chake.

Kiberiti alikaa juu ya sanduku la mishumaa. Alijaribu kukasirika, kwa kuwa hasira ingemfaa, lakini kilichokuja ni kitu kingine, kizito, cha chini ya mbavu. Alimwona Pasi na Kwaresima wamesimama mahali wakilipima hilo swali, ataumia, hataumia, kama watu wanaogonga ndoo kusikiliza kama ina kitu ndani. Na wakakubaliana kwamba ni tupu.

Misa ilipokwisha, Baba Askofu aliingia peke yake, akafunga mlango, akavua kofia, akakaa kwenye kiti, akavua viatu. Miguu yake ilikuwa imevimba na soksi zimeacha alama. Alipumua kwa raha kabla hajamwona aliyekuwa kwenye sanduku.

"Aha," alisema. "Ubinadamu mtupu."

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Ulikuwa unafanya utani?"

"Hapana, Baba."

"Najua."

Kiberiti aliinua kichwa.

"Kila niendako wanagawana majibu," alisema Askofu, akijisugua kisigino. "Nikifungua mdomo tu, naona mmoja ameshaanza kuvuta pumzi na wengine wote wamelegea. Mikono ya kulia, mikono ya kushoto. Pengine huwa wanafumba jicho. Nilipokuwa kijana sisi tulikohoa."

"Kwa hiyo ulijua kwamba nusu ile ilikuwa ya Pasi kweli."

"Nilikisia."

"Ukamuuliza mbele ya watu. Akakataa. Ukajua anadanganya."

Askofu aliacha kusugua. "Ningesema, ningemwaibisha mwalimu wenu mbele ya wazazi wote."

"Ukaona bora niaibike mimi mbele ya mmoja, mama yangu."

Maji yalidondoka sinkini, kwa kuwa Kiberiti hakuwa amelifunga bomba vizuri.

"Baba, nikuulize kitu? Si utani."

"Uliza."

"Yule rafiki yake aliyemuuza. Yesu alijua mapema?"

"Alijua. Alimwambia mezani."

"Basi ilimuuma nini? Mimi sikujua, ndiyo maana imenikuta vibaya. Lakini mtu ukishajua, si unajikaza? Ile nusu ya Pasi inajua kila kitu. Inakuwaje nusu yangu bado inaumia?"

Baba Askofu alikuwa na jibu; ilionekana akilitafuta mahali alipoliweka, pamoja na maneno yake ya Kigiriki. Kisha akaliacha hukohuko.

"Swali hilo lina watu walioligombania mpaka wakafukuzana makanisani," alisema. "Mimi nimelifundisha miaka mingi. Lakini leo sikulifikiria nilipokuwa nacheka pamoja nao." Akaelekeza kidole mezani, kwenye kichupa kidogo cha fedha. "Mafuta haya hapa bado yapo. Piga magoti, nikupake. Mtu hawezi kukuzuia, mimi ndiye askofu."

Kiberiti aliruka kutoka kwenye sanduku. "Mama yangu aingie?"

"Mwite."

"Na wale wengine?"

"Wamekwenda kula."

"Utawaambia kwamba sikufanya utani?"

Askofu aliitazama miguu yake. "Nitazungumza na Mkuu wenu. Kwa utaratibu."

Kiberiti aliishi bwenini muda wa kutosha kujua kitu kinachokwenda kwa utaratibu hufika wapi. Alimfikiria mama kazini, mbele ya tanuri, wenzake wakimuuliza ilikuwaje, naye akieleza kwamba alimwona, ndiyo, chumba cha nyuma, karibu na sinki, watu walipokwisha kuondoka. Alichomwomba hakikuwa hicho. Yeye aliomba benchi. Na mle kanisani Pasi angebaki kijana mkweli, na yeye kichekesho kilichopakwa mafuta kwa huruma.

"Asante, Baba," alisema. "Nitasubiri ya mbele ya watu."

"Huenda ikawa mwakani, mwanangu."

"Ndiyo, Baba."

"Umekasirika."

"Hapana, Baba," alisema Kiberiti, akatafuta neno kwa uangalifu, kwa kuwa aliliheshimu. "Nimeumia."

Mama alikuwa nje, kwenye kivuli cha ukuta, peke yake. Mkuu alikuwa ameshazungumza naye. Ilionekana kwa jinsi kitambaa kilivyokaa upande. Kiberiti alikuwa amepanga maneno mengi, yote yakamwishia njiani.

"Mama, sikufanya..."

"Nyamaza. Nimekuzaa mimi. Uso wako wa utani naujua tangu hujaota meno. Ule haukuwa wenyewe." Akamfuta mwanawe shavu kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama anayetoa masizi. "Huyu mwenzako ndiye niliyekuwa namtumia mikate?"

"Ndiye."

Mama alitikisa kichwa mara nyingi. "Kachukue godoro," alisema mwishowe. "Nitakuwa getini."

Bweni lilikuwa tupu. Wote walikuwa bwaloni na wageni, na vicheko vyao vilifika hadi dirishani. Kiberiti alikunja godoro, akalifunga kwa kamba. Lilikuwa kubwa kuliko yeye. Alikuwa analisukuma kwa goti aliposikia hatua ngazini, akazitambua, na bila kuinua kichwa akajua kila kitu kitakachofuata. Pasi angesimama mlangoni, paji la uso likimeremeta mafuta. Angemwita kaka. Angetazama viatu vyake. Angesema ni Mwalimu. Kisha angesema lile la mwisho, na hilo la mwisho Kiberiti alilijua neno kwa neno. Akajikaza mapema, tumbo na meno, kama mtu anayengoja sindano.

"Kaka," alisema Pasi mlangoni. Akatazama viatu vyake.

Kiberiti aliendelea na fundo.

"Si mimi, ni Mwalimu. Alinishika jana jioni, ningefanyaje? Na pale mbele sikutegemea utaongea vile. Nilishtuka, likatoka lililotoka." Akavuta pumzi. "Lakini wewe ninakujua. Wewe huwa huchukii."

Lilikuja kama lilivyotarajiwa, halikukosea hata neno moja, na kujikaza kote hakukusaidia chochote. Liliingia lote. Kiberiti alibaki ameshika kamba, akishangaa ni kwa jinsi gani kitu ulichokiona kinatoka mbali kiasi kile kinaweza kukufikia kikiwa kipya.

"Shika upande ule," alisema. "Zito hili."

Pasi alikimbilia kushika, akishukuru kupewa kazi. Wakainua. Walipofika ngazini Kiberiti alitangulia kushuka kinyumenyume, akipapasa kila kipandio kwa kisigino, ingawa njia hiyo ilikuwa ngumu na ya polepole, ili asimpe Pasi mgongo tena.